Msalaba wa Mgongoni

Sura ya Saba

Ilikuwa Ijumaa, siku ya watawa kula samaki, na ndani ya bwawa la samaki ilikutwa maiti. Kwa hiyo asubuhi ile nyumba ya watawa ya Wenlow iliamka na misiba miwili, na Turstin alipofika pale bwawani aliyekuwa analia kuliko wote ni mpishi.

Turstin alikuwa mpelelezi wa mfalme, mtu wa miaka hamsini, goti la kushoto bovu. Mama yake alikuwa Mwingereza na baba yake Mnormani, basi akawa anatukanwa kwa lugha zote mbili na kuelewa kila neno. Hakuja Wenlow kwa ajili ya maiti. Alitumwa kushuhudia kiapo. Alasiri hiyo, kengele ikilia, Bwana Drogo wa Braimont angeweka mkono juu ya masalia ya mtakatifu, aape kwamba amefika Yerusalemu, amepiga magoti kwenye Kaburi la Bwana, na amerudi. Akishaapa angekabidhiwa funguo za ngome yake na watu arobaini wenye silaha waliokuwa ndani, na baada ya hapo hata mfalme mwenyewe angefikiri mara mbili kabla ya kumgusa.

Hayo yalianza miaka mitano nyuma, Drogo alipomwasi mfalme. Liwali alitumwa kumwita. Drogo akamnyoa ndevu upande mmoja, akampandisha punda kinyumenyume na kumrudisha alikotoka. Akafunga malango miezi mitatu. Watu wake wakala farasi, kisha wakala hatamu za farasi. Mwishowe alitoka pekupeku, tandiko la farasi mgongoni, akalala kifudifudi matopeni mbele ya mfalme. Wengine kwa kosa hilo walitobolewa macho. Drogo aliambiwa aende Yerusalemu. Akirudi na nadhiri imetimia, ngome ni yake. Akirudi haijatimia, atanyongwa.

Na kutimia kwa nadhiri kunaonekana kwenye nguo, hata mtoto anajua. Anayekwenda hushona msalaba mwekundu begani. Aliyefika akageuka kurudi nyumbani huuhamishia mgongoni. Drogo alirudi nao mgongoni, umepauka kwa jua mpaka ukawa kama ganda la kitunguu, na wanawake njiani walimbusu pindo la joho.

Maiti ilikuwa ya Alwin, mtunza farasi wake, kijana wa miaka ishirini. Waliondoka Braimont watu kumi na watatu. Kumi na mmoja walikwisha hukohuko, kwa kiu, kwa kuhara, kwa mishale. Alwin ndiye shahidi pekee. Walifika pamoja jana jioni, yeye na bwana wake, wakapewa nyumba ya wageni. Sasa alikuwa amelala majanini, maji yakimtoka puani, na msalaba wake ulikuwa begani.

Padre Osmund, mkuu wa watawa, alikuwa amemaliza upelelezi wake kabla ya kifungua kinywa. Alimwonyesha Turstin bega, kisha akavikunjua viganja vya maiti. Vyote viwili vilikuwa na makovu meupe, mapana, ngozi iliyowahi kubanduka na kupona vibaya. Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Habari za Antiokia, mji ulio njiani kwenda Yerusalemu, zilishafika kila kilabu cha bia: jeshi la msalaba lilipozingirwa mle ndani, wako waliofunga kamba ukutani wakateleza chini na kukimbia, na kamba ikawachuna viganja. Kanisa liliwatenga wote. Basi, alisema Padre Osmund, kijana alitoroka, akaona aibu kusimama mbele ya masalia, akajitupa majini. Aliyetengwa na aliyejiua. Atazikwa njia panda, bila sala, kabla jua halijazama. Wachimbaji walishatangulia.

Drogo alikuwa amesimama kando, mtu mkubwa, mzito, shingo ya fahali, akiongea polepole kama watu wanavyoongea msibani. Alisema alimkuta kijana bandarini Apulia, Italia, wakati wa kurudi, anaomba mkate, akamsamehe.

"Ningemwacha vipi?" alisema. "Amekulia zizini kwangu."

Kisha akakunjua viganja vyake mwenyewe, akawapitishia watu wote waone. Vilikuwa laini, vya waridi. "Hivi ndivyo viganja vya mtu aliyebaki," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwomba avionyeshe.

Turstin alipapasa kichwa cha maiti. Nyuma ya sikio mfupa ulibonyea kama yai lililopasuliwa. Padre Osmund alisema bila shaka aligonga jiwe alipojitupa. Turstin akazunguka bwawa zima, goti likilalamika. Pande zote ni tope na matete. Jiwe la karibu lilikuwa kanisa.

Alirudi akaomba mambo mawili. Maiti ipelekwe kwenye banda la waashi waliokuwa wakijenga mnara. Na joho la marehemu, lililokuwa zito kwa maji na jeusi kama masizi, litundikwe uani juani. Padre Osmund alikubali, ila akasema kengele ya alasiri haitamngoja mtu, wala kaburi.

"Mama yake yuko langoni tangu alfajiri," bawabu alisema kwa sauti ya chini. "Anaitwa Godgifu. Anataka mtoto azikwe humu ndani, pembeni ya baba yake. Hataki kitu kingine. Nimempa uji, hajaugusa."

Padre Osmund akaelekea kanisani.

Bawabu huyo, Ndugu Gocelin, alikuwa mtawa aliyewekewa nadhiri ya kunyamaza mara tatu na mara tatu ikamshinda. Turstin alimfuata kwenye kibanda chake, na hakuwa na kazi ya kuuliza sana. Jana jioni, alisimulia Gocelin, aliwapokea wageni wote wawili. Sheria ya nyumba ni kwamba anayetoka Yerusalemu hupewa divai, mwingine yeyote hupewa bia. Drogo alipata divai. Alwin alipata bia.

"Kwa sababu msalaba wake ulikuwa begani," alisema Turstin.

"Begani wapi? Hakuwa nao kabisa. Nilimgeuza huku na huku kama kuku wa sokoni, nikitafuta, maana alikuwa na sura ya kuhitaji divai. Mbele hakuna, nyuma hakuna."

"Una hakika?"

"Bwana Turstin, mimi nikimnyima mtu divai nakuwa na hakika."

Basi msalaba ulishonwa baada ya bia. Turstin alirudi uani kulikotundikwa joho, akaliinamia bega. Kitambaa kilikuwa kipya, sufu nyekundu ya blanketi la farasi, la aina inayopatikana zizi lolote. Mshono ndio haukuwa wa aina yoyote. Kila mchomo wa sindano ulifungwa fundo peke yake, ukakatwa, kisha ukaanza mwingine. Mshonaji nguo hashoni hivyo, ataishiwa uzi. Mtunza farasi hashoni hivyo. Wanaoshona hivyo ni wawindaji, mbwa wao akipasuliwa tumbo na nguruwe mwitu: fundo moja likikatika, mengine yanashika.

Na mwindaji alikuwepo. Nyumba ya pili ya wageni ilikuwa na Bwana Ivo, binamu yake Drogo, aliyeishika ngome ya Braimont miaka minne yote hii na ambaye jioni ya leo angetoka humo na sanduku lake la nguo. Turstin alimkuta ameketi kizingitini, mbwa wawili wamelala miguuni. Mmoja alikuwa jike la kijivu mwenye kidonda kilichoanza kupona tumboni. Turstin akainama kwa shida, akamkuna shingo, akalitazama tumbo. Mafundo. Kila moja peke yake.

"Nani kamshona?"

"Mimi," alisema Ivo. "Simwachii mtu mbwa wangu."

"Na Alwin umemshona saa ngapi?"

Ivo alikuwa mtu mwembamba wa maneno makali, anayecheka upande mmoja wa mdomo. Safari hii hakucheka. Turstin alimweleza habari ya bega, taratibu, na Ivo akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo leo napokonywa ngome," alisema Ivo, "na shahidi wa Drogo anakutwa bwawani, na mshono ni wangu. Ningekuwa wewe ningenifunga kamba sasa hivi."

"Kamba ninayo."

"Ngoja. Hii nilifundishwa na mwindaji wa babu yetu, kwenye benchi, kwa ngozi ya mbuzi. Benchi lilikuwa na watoto wawili. Mimi nilikuwa nashona ovyo. Aliyekuwa anasifiwa ni Drogo."

Mengine aliyatoa kwa kuvutwa. Ndiyo, jana jioni alikwenda kumwona Alwin. Ndiyo, alimwahidi farasi mzuri endapo angesimama kanisani na kusema chochote kitakachomharibia Drogo. Kijana alimkatalia, kwa adabu. Alisema ataeleza aliyoyaona, na farasi hahusiki.

"Alikuambia aliona nini?"

"Angeniambia, ningekuwa nimelala usingizi."

Turstin alibaki amesimama, mkono juu ya kichwa cha mbwa. Kama Alwin alitaka kuapa kwamba bwana wake alifika Yerusalemu, aliyefaidika na kifo chake ni Ivo. Kama alitaka kuapa kwamba hakufika, ni Drogo. Mshono ulikuwa wa mmoja wao na hakuna wa tatu. Kilichobaki ni kujua maiti alitaka kusema nini, na jua lilikuwa tayari limefika utosini.

Alimwambia Ivo asiondoke. Ivo akasema hana pa kwenda, ndiyo shida yake yote.

Bandani, waashi walikuwa wamemfunika Alwin kwa gunia na kuendelea kula mkate wao umbali wa heshima. Fundi wao aliitwa Hunfrid, mzee mfupi mwenye chokaa mpaka kwenye nyusi. Turstin alifunua gunia ili aviangalie tena viganja. Hunfrid akaja kuchungulia, mkate mkononi, kwa udadisi tu.

"Maskini," alisema. "Kumbe alikuwa mtu wa kazi yetu."

"Alikuwa mtu wa farasi."

"Na hivi viganja?"

"Alishuka kwa kamba ukutani Antiokia."

Hunfrid alitafuna, akameza, akamtazama Turstin kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyepinda ukuta. Kisha akaweka mkate chini na kumwonyesha viganja vyake mwenyewe. Makovu yaleyale, meupe, mapana. Alieleza kwamba anayeshuka kwa kamba huing'ang'ania kwa miguu pia. Hubanduka viganja, na hubanduka ndani ya magoti na kwenye miundi, mpaka kifundoni. Alishawaona vijana wake wakiteleza hivyo kutoka jukwaani. Akapandisha suruali ya maiti. Miundi ilikuwa safi, haina alama hata moja.

"Mgeuze," alisema Hunfrid.

Walimgeuza. Juu kidogo ya kiuno, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, lilipita kovu moja pana kama mkanda. Hunfrid akavuta shati lake. Alikuwa nalo hilohilo.

"Kapi la kuinulia mawe likivunjika," alisema, "na jiwe liko hewani na chini kuna watu, unazungusha kamba nyuma ya kiuno, unaegemea, unaiachia kidogokidogo. Inakula viganja na inakula mgongo. Huyu hakushuka, bwana mkubwa. Huyu alishusha."

"Kitu cha uzito gani?"

Hunfrid alilipima kovu kwa vidole vinne, kama anavyopima nyufa. Alisema si kitu cha kawaida. Gunia la ngano haliwezi kufanya hivi. Ng'ombe, labda, kama kuna mtu mwenye akili za kumshusha ng'ombe ukutani.

Turstin alimfunika maiti vizuri zaidi ya alivyomkuta. Kisha akaenda uani.

Joho lilikuwa limekauka. Sufu ikilowa huwa rangi moja. Ikikauka husema yote. Mabega yalikuwa yamepauka, mikono imepauka, mgongo umepauka rangi ya majivu, ila katikati ya mgongo palikuwa na alama ya msalaba, bluu kali kama siku joho lilipotoka kwa mfumaji, imezungukwa na matundu madogo ya sindano. Jua la njia ndefu lilikuwa limeunguza kila mahali isipokuwa hapo. Begani pia, chini ya lile blanketi la farasi, palikuwa na alama ya namna hiyo, lakini hafifu zaidi, maana baadaye palipauka palipoachwa wazi. Kijana alikwenda na msalaba begani. Alirudi nao mgongoni. Mahali fulani njiani, karibu na nyumbani, mtu alimvua.

Alama ya mgongoni haikuwa na mikono sawa. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi, nusu ya mwenzake.

Turstin aliliviringisha joho, akalibeba kwapani mpaka langoni. Wanawake hawapiti lango la Wenlow ila kwa kwenda kanisani. Godgifu alikuwa ameketi nje juu ya jiwe la kupandia farasi, mama mnene kiasi, kitambaa safi kichwani, na mkasi wa kukatia sufu ukining'inia kiunoni kwa utepe. Uji ulikuwa pembeni yake, umeganda. Alimtazama Turstin miguu kwanza, kisha uso.

"Wewe ndiye wa mfalme," alisema. "Wameniambia mwanangu alikimbia."

"Mama, msalaba wa Alwin alipoondoka, nani aliutengeneza?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Ulikuwaje?"

Godgifu alisita kidogo, kama mtu anayeulizwa kasoro ya mapishi yake. Ulikuwa wa gauni lake la harusi, alisema, jekundu, kitambaa kizuri. Alikata vizuri mikono mitatu. Wa nne alikuta pindo, na chini ya pindo panya walishakula. Alitaka kukata mwingine upya lakini Drogo alishapiga baragumu, na Alwin akasema uache hivyohivyo, mama, Mungu ataelewa.

"Mkono upi?"

"Wa kushoto. Kwa nini?"

Turstin alilikunjua joho juu ya magoti ya Godgifu. Mama akalitazama. Alipitisha kidole kwenye ile alama, juu, chini, kulia, na kushoto alipofika mwisho kidole kikasimama. Hakulia. Aliuliza msalaba wenyewe uko wapi.

Turstin alimwambia. Kengele ya alasiri ikaanza kulia wakati uleule, na ng'ambo ya mashamba, njia panda, walionekana watu wawili na makoleo, wamezama mpaka kiunoni.

Kanisani palikuwa na watu kama thelathini: watawa wa kwaya, wazee kumi na wawili wa kijiji waliokuja kushuhudia, Ivo akiwa amesimama na funguo za ngome kwenye mto mwekundu. Turstin aliwaacha askari wake wawili mlangoni, akamwambia Godgifu akae karibu na nguzo. Kisha akatembea mpaka mbele. Drogo alikuwa tayari ametandaza mkono wake juu ya sanduku la masalia. Mgongo wake ulikuwa kwa watu. Joho lilikuwa na kofia pana, imelala mabegani, imefunika nusu ya msalaba ule uliopauka.

Turstin aliomba neno moja kabla ya kiapo. Padre Osmund alisema si wakati wake. Turstin alisema ni wakati wa mfalme, na mfalme amemtuma yeye. Kisha akamgeukia Drogo.

"Bwana, asubuhi ulituonyesha viganja vyako. Ni safi, nakuamini. Hukushika kamba Antiokia."

"Sikushika."

"Nauliza ni nani aliyeishika."

 Drogo aliondoa mkono kwenye sanduku, polepole, kana kwamba sanduku limepata moto.

Turstin aliwaeleza wazee wale kumi na wawili, kwa Kiingereza chao, bila haraka. Kovu la kiunoni. Miundi iliyo safi. Hunfrid alisimama nyuma akathibitisha, na bila kuombwa akaongeza kwamba mtu wa uzito wa Bwana Drogo hawezi kushuka kwa mikono yake mwenyewe, labda kwenye kapu, kama jibini. Mzee mmoja alicheka, akajikohoza. Turstin akaendelea. Kijana alimshusha bwana wake ukutani, akabaki juu na viganja vilivyochunwa. Hakukuwa na wa kumshusha yeye. Basi alibaki, akapigana, akaenda mpaka Yerusalemu, akarudi na msalaba mgongoni. Apulia akamkuta bwana wake, mnene kuliko alivyomwacha, naye karibu na nyumbani akamvua msalaba wake. Jana alitaka kusema hayo. Usiku wa kuamkia leo akapigwa nyuma ya sikio, akashonewa msalaba begani kwa mshono wa mbwa, ili asiaminiwe hata akiwa maiti.

"Maneno ya mwashi," alisema Drogo. "Na mshono ni wa Ivo. Mwangalie mbwa wake."

"Nimemwangalia. Sasa vua joho."

Drogo hakuvua. Alitazama mlango, akawaona askari. Alimtazama Ivo, ambaye alikuwa ameweka mto wa funguo chini na mkono wake ulikuwa umeshika mpini wa upanga. Kwa mtu mzito, aliruka hatua nne kwa wepesi wa kushangaza, akapita katikati ya watawa, akabamiza viganja vyake viwili juu ya jiwe la altare.

Hakuna aliyesogea tena. Desturi ya Wenlow ni ya zamani kuliko Wanormani: aliyeweka viganja viwili juu ya jiwe lile hakamatwi na yeyote, awe mfalme, awe ndugu wa marehemu. Lakini ni viwili. Akiondoa kimoja, hata kujikuna, ulinzi umekwisha. Padre Osmund alinyanyua mikono kuwazuia askari. Alijua, kama kila mtu mle ndani alivyojua, kwamba asiye na kosa halikimbilii jiwe lile.

Turstin alisimama kwenye ngazi. Alikuwa na muuaji hatua tatu mbele yake na hakuwa na ruhusa ya kumgusa. Ushahidi wenyewe ulikuwa mgongoni mwa Drogo.

Godgifu aliondoka kwenye nguzo. Alipita katikati ya kanisa kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji, akapanda ngazi, akasimama nyuma ya Drogo. Akashika mkasi wake.

"Mama," Padre Osmund alisema, "hapo ni mahali patakatifu. Huruhusiwi kumgusa."

"Simgusi, Padre. Nachukua gauni langu."

Alikunja ile kofia ya joho pembeni. Msalaba ukaonekana wote, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mfupi. Wazee walisimama kwenye mabenchi ili waone. Godgifu akaanza kufumua. Alikata uzi mmoja, akauvuta, akakata wa pili, taratibu, kama anavyofumua mtu asiyetaka kuharibu kitambaa. Jasho lilianza kumtiririka Drogo kutoka nywele hadi shingoni. Mabega yalimcheza. Viganja havikutoka kwenye jiwe.

"Nilimwambia anyamaze tu," alisema Drogo, kwa sauti ya chini, akilitazama jiwe. "Sikumwambia aape uongo. Nilimwambia anyamaze."

"Kunyamaza hakujui," alisema Godgifu. Alikata uzi mwingine. "Tangu mdogo. Hata usingizini alikuwa anaongea."

Uzi wa mwisho ulikuwa mgumu, ilibidi aukate kwa meno. Aliteremka ngazi na kitambaa mkononi. Turstin alikuwa ametandaza joho la Alwin sakafuni mbele ya wazee kumi na wawili, na mama akapiga magoti akakiweka kitambaa juu ya ile alama ya bluu. Kililala pale kila upande, mpaka kwenye pindo lililoliwa na panya. Wazee wale hawakuombwa kusema. Mmoja wao alivua kofia, kisha wote.

Padre Osmund aliteremka akaitazama ile alama mwenyewe. Kisha akamwita Gocelin, akamwambia akimbie njia panda, awaambie wachimbaji wafukie lile shimo walete makoleo ndani, wachimbe pembeni ya baba wa Alwin. Na wimbo wote wa mazishi uimbwe, hakuna kuruka beti.

Gocelin alikwenda mbio, joho lake limekunjwa magotini. Hazikupita dakika nyingi akarudi, anahema, akasimama mlangoni. Alisema wachimbaji wanauliza kaburi liwe la urefu gani.

Watu wote, ila askari wawili waliokuwa wakingoja viganja vya Drogo vichoke, walimtazama Godgifu. Alikuwa bado amepiga magoti, anatafuta sindano kwenye kitambaa cha kichwani. Akanyoosha mkono mmoja hewani, akaushusha kidogo, akaupandisha tena, akauacha hapo.

"Sijui," alisema. "Alipoondoka alikuwa ananifika hapa. Nendeni mkampime."